Jino Moja la Katikati

Kanisani kwetu wanasema kisasi ni cha Mungu. Asubuhi ile mimi nilimpunguzia kazi, na sitaanza hapa kujifanya nasikitika.

Walikuwa wawili. Mbele msichana mwenye mimba ya miezi sita na kitu, nyuma yake mama mtu mzima aliyejifunga vitenge vya rangi moja, mkoba kwapani. Walitoka Ruashi na barua ya zahanati: kichwa cha mtoto, tafadhali angalieni vizuri. Kazi yangu ndiyo hiyo. Ninapima mimba kwa mashine ya eko hapa Lubumbashi, na wenzangu wakiona kichwani kitu wasichokielewa, huniletea mimi. Nilikuwa nimeinama napangusa sonde, kile kidude tunachokipitisha juu ya tumbo, nikasikia mtu amekata pumzi mlangoni. Nikainua uso. Alikuwa mama mkwe wangu.

Mama mkwe wa zamani, niseme hivyo. Msichana alikuwa mke wa mwanawe, yule aliyeletwa baada yangu. Miaka tisa nilikuwa sijamwona mama yule, na hakuwa amepungua hata kilo moja.

"Njo weye?" akaniuliza, kama haamini kuwa ndiye mimi.

"Njo miye, mama. Karibu, ukae."

Akamshika msichana mkono. "Twende. Tutatafuta kwingine."

Lakini msichana alikuwa ameshakaa kitandani. "Mamu," akasema, maana Waluba wa Kasai ndivyo wanavyomwita mama, "miguu yangu imevimba. Na barua inasema ni hapa." Alisema kwa adabu yote, macho chini, ila hakuinuka. Nikampenda kidogo kwa hilo, kisha nikajikataza. Mama mkwe nikampa kigoda kifupi kilichokuwa pembeni. Kiti kizuri kilikuwapo. Nilikiwekea kabrasha juu.

Mtu anaweza kufikiri nilimwonea wivu msichana. Mwanzoni, ndiyo, dakika tano hivi. Halafu nikakumbuka kinachomngoja iwapo nitakuta ubaya kichwani mwa mtoto wake, maana mimi nilikwisha kukalishwa mahali pale atakapokalishwa yeye.

Niliolewa katika familia ile nikiwa daktari mpya, sijamaliza hata miaka miwili kazini. Mume wangu alitoa mizigo forodhani Kasumbalesa. Wiki nzima alikuwa mpakani na malori, Jumamosi anarudi na vumbi lake. Watu wake walitoka Kasai enzi za mababu, watu wa shule na biashara, nyumba yao ilikuwa na vitabu kuliko nyumba yoyote ya mtaa wetu wa Naviundu. Baba yangu alifurahi. Alisema, kule utakaa na watu wenye akili. Mimba ilipofika miezi saba, eko ikaonyesha maji mengi kichwani mwa mtoto. Aliyenipima alinipa picha, nami, mjinga mimi, nikaiacha juu ya meza ya chakula.

Waluba wa Kasai wana jambo wanaloliita tshibawu. Mke wa mtu akiguswa na mwanamume mwingine, au hata akipokea kitu chake kwa siri, na akanyamaza, ubaya huwaangukia watoto. Dawa yake ni kusema. Anakalishwa chini, miguu ameinyoosha, mbele ya mashangazi wa mume, na anataja mmoja mmoja mpaka waridhike. Akisema, anaoshwa, mbuzi anachinjwa, yameisha, anarudi jikoni kwake. Asiposema na mtoto akafa, basi ni yeye aliyemuua. Zamani walingoja mtoto augue kwanza. Siku hizi wana picha ya eko.

Picha yangu ilizunguka sebule nzima. Shangazi mkubwa aliishika chini juu, akaitazama sana, akasema anaona uso wa mwanamume, tena ana ndevu. Yalikuwa maji tu na kivuli cha fuvu. Nilimwambia, shangazi, umeigeuza. Wakaguna wote pamoja: unaona, anajua upande wake.

Mimi daktari, nimesoma miaka saba, nilikaa sakafuni tangu chai mpaka jua la mchana na tumbo langu, naulizwa majina. Aliyeuliza ni mama mkwe. Hakupaza sauti hata mara moja, na ndilo ambalo sijamsamehe. Alikuwa na sauti ya kubembeleza, ile ya kumwambia mtoto ameze dawa chungu. "Sema tu, mwana. Taja. Ni juu ya mutoto." Sikutaja, kwa sababu hapakuwa na wa kutaja. Mwanangu alizaliwa, msichana, macho yamekaribiana mno, akaishi siku kumi na moja. Siku zote kumi na moja nilimweka karibu na dirisha, na hakugeuza kichwa kwenye mwanga hata mara moja. Tulipotoka makaburini nilikuta valizi yangu ya nguo imefungwa, iko kibarazani. Mume wangu aliibeba mpaka kwenye gari. Kubeba mizigo ilikuwa kazi yake.

Wengine wakidhulumiwa hufunga na kuomba. Mimi nilirudi shule. Nilitaka kujua kilichokuwa tumboni mwangu kwa jina lake, na nilitaka kukijua kuliko mtu yeyote mjini hapa. Nikajifunza eko, nikajifunza vichwa, nikatazama vichwa mpaka nikaviota. Mwaka wa tatu nikafika kwenye ukurasa unaoeleza watoto ambao ubongo wao wa mbele haukugawanyika. Ubongo huanza ukiwa kitu kimoja, kisha hugawanyika kulia na kushoto. Kwa watoto hawa mgawanyo huishia njiani. Macho nayo huchipuka kwenye ubongo uleule, ndiyo sababu huumia pamoja nao. Chini kabisa kulikuwa na mistari miwili ya maandishi madogo. Ilisema mara nyingine ugonjwa huu hurithiwa, na kwamba mzazi anayeubeba anaweza kuwa mzima wa afya na akili, ila kwenye ufizi wa juu, katikati, ana jino moja badala ya mawili.

Niliinuka nikaenda kunywa maji. Nikarudi nikasoma tena.

Mama mkwe wangu ana jino moja mbele, katikati kabisa, pana na jeupe, limekaa chini ya pua pasipo mwenzake. Mwanawe pia. Katika familia waliliita jino la babu, kwa kuwa lilitoka kwa baba yake mama mkwe, na mtoto akianza kuota meno wanamchungulia kwa hamu kuona kama amejaliwa. Mimi mwenyewe jino lile ndilo lililonifanya nimpende mume wangu. Alikuwa akicheka analificha kwa mkono, nami namtoa mkono.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa na habari ile miaka sita. Sikumpigia mtu simu wala kumwandikia. Ukurasa niliupiga picha ukakaa kwenye simu yangu, na kila nilipobadilisha simu niliuhamisha kabla ya picha za ndugu zangu. Nilijiambia siku itafika, na ikifika mama yule ataisikia ameketi chini.

Basi siku ilikuwa imefika, imevaa vitenge, imekaa kwenye kigoda.

Nikampaka msichana jeli tumboni, nikaanza. Katika kichwa cha mtoto wa umri ule, katikati kwa mbele, huonekana kisanduku kidogo cheusi chenye kuta mbili. Kina jina refu la kitabuni. Mimi wagonjwa wangu nawaambia kisanduku tu. Kikiwapo, nusu ya hofu inaondoka. Kisipokuwapo, unaanza kazi ya kutafuta. Na ni rahisi kudanganyika: ukishusha sonde kidogo tu unakutana na mistari mitatu iliyolala sambamba, na mpimaji mwenye haraka huiita kisanduku, anaandika kichwa kizuri, na mama wa watu anarudi nyumbani anaimba. Kisanduku kina mistari miwili na weusi kati yake. Ukihesabu mitatu, uko mahali pengine.

Nikahesabu mitatu. Nikapandisha. Hapakuwa na kitu. Vile vyumba viwili vya maji, ambavyo huku mbele vinapaswa kuwa mbalimbali, kila kimoja na upande wake, vilikuwa vimefunguliana vikawa kimoja.

Nitasema ukweli, maana nimeshasema sitajifanya. Cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Ilinipanda tangu miguuni. Mtoto wa mtu yumo hatarini mbele yangu, nami moyo unacheza. Nikaiogopa furaha ile, si kwa wema. Mtu aliyefurahi haoni vizuri, na mimi sikutaka kosa lolote katika picha hii. Nikafuta, nikaanza upya. Nikamlaza msichana ubavu, nikamngoja mtoto ageuke, nikapima tena, kisha tena. Nikatafuta macho. Yalikuwa mawili, kila moja na lenzi yake, yamekaribiana, lakini si kama ya mwanangu. Nikatafuta pale nyuma mishipa ya macho inapokutana na kupishana kabla ya kuingia kwenye ubongo, njia panda ndogo ambayo siku nyingi mashine hukunyima. Siku ile ilinipa. Ilikuwa nyembamba. Huku nyuma ubongo ulikuwa umegawanyika vizuri, pande mbili, kila mmoja na mikunjo yake inayoanza. Mtoto huyu alikuwa na nafasi ya kuishi. Wangu hakuwa nayo, na hata hilo liliniuma.

Msichana alikuwa ananitazama mimi, si mashine. "Dokta, ataona?"

"Sijui ataona kiasi gani," nikamwambia. "Mishipa ya macho ni myembamba. Anaweza kuona kidogo, anaweza kuona vya karibu tu. Ubongo wa mbele haukugawanyika wote. Atachelewa kukaa, atachelewa kutembea. Lakini ana nafasi ya kuishi. Azaliwe hospitali kubwa, na siku za kwanza wampime sukari na chumvi ya damu, usikubali mtu akurudishe nyumbani kabla."

Alikuwa anaitikia kila neno kwa kichwa, anayapanga. Machozi yalitoka baadaye, yakaenda masikioni kwa sababu alikuwa amelala. Nilikuwa bado nimeshika sonde tumboni mwake, kwa hiyo nililisikia tumbo likikaza wakati mama mkwe alipoanza kusema.

"Umesikia, mwana," akasema kutoka kwenye kigoda, na ilikuwa sauti ileile. "Siku ya Mungu famille itakaa. Utasema yote. Hatutakupiga, hatutakutukana. Taja tu, tutakuosha, mutoto atapona."

"Mamu, miye sina kitu ya kusema."

"Bote banasemaka vile."

Nikaizima mashine. Siku ya Mungu, yaani Jumapili, ilikuwa siku tatu mbele. Msichana akanishika mkono wa koti, akaninong'oneza: "Dokta, umwambie weye. Nikisema miye, atasema ninaficha." Kwa hiyo niliombwa. Nataka ijulikane niliombwa, ingawa ningesema hata nisingeombwa.

"Mama," nikamwambia yule mzee, "fungua kinywa."

"Juu ya nini?"

"Fungua, nione jino."

Alifungua. Sijui kwa nini alitii. Labda kwa sababu nilikuwa nimevaa koti jeupe na yeye yuko chini. Nikamuuliza jino lile lilitoka wapi. "Iko ya baba yangu," akasema, kwa majivuno kidogo, ya mazoea.

Mpimaji mwenye busara angejua la kusema. Angesema jino ni dalili tu, si hukumu. Angesema wapo wenye jino hilo ambao watoto wao ni wazima, angesema tuchukue damu, ipelekwe nje ya nchi, tusubiri jibu, na katika kila sentensi angeweka labda na huenda. Maneno hayo nayajua, huwasemea watu kila siku, tena kwa upole. Siku ile niliyaacha yote mfukoni.

"Sikiliza, mama. Huu ugonjwa ulikuwa kwa baba yako. Akakupa weye pamoja na jino. Weye ukamupa mutoto yako. Mutoto yako akamupa mutoto yangu, akakufa. Sasa uko mu tumbo ya huyu. Hakuna mwanaume mwingine. Miye sikuwa naye, huyu hana. Muntu wa kukaa chini siku ya Mungu ni weye."

Nikafungua simu nikamwonyesha ukurasa, na picha iliyokuwamo ya mdomo wa mtoto wa Kizungu mwenye jino kama lake. Aliitazama kwa muda. Vidole vyake vikapanda mdomoni, taratibu, vikafunika.

Ningeweza kuishia hapo. Sikuishia. "Ulizika batoto bangapi, mama?" Nilijua alizika, familia nzima ilijua, na makaburi yalipaliliwa kila mwaka.

"Batatu."

"Na macho yabo?"

Alianza kusema peke yake, akiitazama sakafu. Alisema mtoto wa tatu alipokufa, na yeye alikalishwa. "Nilikuwa na miaka makumi mbili na moja. Siku mbili balinikalisha. Nilichoka, mwana. Nikataja fundi wa kushona, jirani. Alinishoneaka nguo tu, hakunigusa hata mukono. Bakamupiga, akahama na bibi yake na batoto yake, sijuwe alienda wapi. Kisha mutoto wa ine, nyuma ya bale batatu, akazaliwa, akaishi. Njo bwana yenu huyu. Nikasema, unaona, nilitaja Mungu akasikia. Miaka yote nikaamini nilifanyaka kweli kitu na ule fundi, labda mu ndoto."

Halafu akalia. Hakulia kwa sauti. Mabega tu, na kitenge usoni.

Mtu mwema angemhurumia hapo. Mimi nilielewa, sikumhurumia. Nilielewa kwamba siku ile aliponibembeleza nitaje, alikuwa akinipa dawa aliyoamini ilimponya yeye. Sawa. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilichukua kitambaa cha karatasi kwenye boksi nimpe, nikasimama nacho, na nilipokuja kujitazama nilikuwa nimekikunja kikawa kidonge na bado kiko mkononi mwangu. Nilitaka alie kidogo zaidi. Miaka tisa, kweli ya Mungu, nilikuwa sijasikia mwili wangu ukiwa mwepesi kama dakika zile.

Nikakaa mezani nikaandika barua ya hospitali, kwa mwandiko mzuri, pamoja na jino, pamoja na ombi la damu ya mume. Chini niliandika kwa herufi kubwa kwamba chanzo hakihusiani na mwenendo wa mama mjamzito. Nilipiga mhuri mara mbili. Nilijiona nimefanya kazi ya Mungu kwelikweli: mmoja nimemlipa, mwingine nimemwokoa, kwa barua moja.

Msichana alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anapangusa jeli. Aliisoma barua yote, polepole, midomo inatembea. Kisha akaikunja.

"Dokta."

"Ndiyo."

"Hii mambo ya jino. Umeijua leo?"

Nafasi ya kudanganya ilikuwapo, pana kabisa. Ningesema nimeiona leo, baada ya eko, na nani angebisha.

"Hapana," nikasema. "Niliijua zamani. Miaka sita."

Aliinamisha kichwa, akahesabu kitu kwa vidole juu ya tumbo lake.

"Miaka sita ile, miye nilikuwa bado kwa baba yangu," akasema. "Balikuwa bado hata kuja kunioa." Hakuwa na hasira, na ningependelea awe nayo. "Numero ya simu ya bwana yangu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Na nyumba unaijua."

"Naijua."

Akaitikia kwa kichwa kama alivyoitikia nilipokuwa namweleza habari za macho. Mtoto alicheza, nikaona ngozi ya tumbo ikiinuka upande mmoja, naye akaweka kiganja juu yake. Nikasogea nikampa mkono ateremke, maana kitanda kile kiko juu. Aliutazama mkono wangu, hakuushika. Akaita, "Mamu," na yule mzee akanyanyuka kutoka kwenye kigoda, uso bado umelowa, akaja akamshika chini ya kwapa, wakateremka, wakatoka.